Anayejigeuza Hubaki na Nini? Tahakiki ya Kanuni za Dungeons & Dragons

Ngano za mazimwi zimetuzoesha mhusika anayejigeuza. Zimwi huvaa sura ya kijana mtanashati, likaposa binti wa watu, lakini hamu yake ya kula watu hubaki ile ile. Msimulizi ndiye huamua kipi kibadilike na kipi kisalie. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, uamuzi huo umo katika kanuni, tena kwa tarakimu. Tahakiki hii inazisoma tarakimu hizo kama sehemu ya usawiri wa mhusika.

Mchezaji anaposhambulia hurusha dadu lenye pande 20, kisha hujumlisha nyongeza ya shambulio. Jumla ikifikia kiwango cha kinga ya adui, pigo limempata. Tumchukue druidi, mhusika mwenye uchawi wa maumbile anayeweza kujigeuza mnyama.

Katika toleo la 2003, nguvu hutoka katika mwili wa mnyama, ilhali uzoefu wa kupigana hubaki wa druidi. Druidi wa ngazi ya 8 ana uzoefu wa 6. Akijigeuza dubu wa kahawia hupata 8 kwa nguvu za dubu na hupunguziwa 1 kwa ukubwa wa umbo: jumla ni 13. Dubu halisi, ambaye uzoefu wake ni 4, ana 11. Tofauti hiyo ya 2 ndiyo mtu aliyemo ndani ya dubu.

Toleo la 2014 lilifuata njia nyingine. Druidi huchukua tarakimu za mnyama, ila hubaki na akili, busara na haiba yake. Nyongeza ya shambulio husomwa moja kwa moja katika maelezo ya mnyama. Mbwa mwitu jitu huuma kwa nyongeza ya 5, awe ni druidi wa ngazi ya 2 aliyejigeuza au wa ngazi ya 20. Toleo la 2024 limemwachia druidi pointi zake za uhai, lakini meno yamebaki ya mnyama.

Wanaotetea mabadiliko haya wana hoja. Hesabu za awali zilichelewesha mchezo, na mchezaji aliweza kumuumba druidi dhaifu akijua kwamba ataazima nguvu za dubu. Hata hivyo, hoja hizo zinahusu urahisi na usawa, si uhusika. Kanuni mpya zinamwachia druidi akili, halafu zinamnyima yale ambayo akili hiyo imejifunza vitani. Miaka yake yote ya mapambano haionekani katika nyongeza ya shambulio.

Kwa maoni yetu, dawa ni nyepesi. Katika ile 5 ya mbwa mwitu jitu, 3 ni nguvu na 2 ni umahiri. Umahiri wa druidi wa ngazi ya 20 ni 6. Tukiweka 6 mahali pa 2, tunapata 9. Hesabu ni ya hatua moja tu, na mezani kila mtu atajua kwamba anayeuma ni druidi mkongwe, si mnyama yeyote wa porini.