Pindo la Sekunde Mbili

Leo sihakiki kitabu. Nahakiki tangazo la biashara la televisheni, tena la sekunde 30, na msinicheke. Wengi wetu watunzi chipukizi, mtu wa kwanza kutulipa kwa maneno yetu hatakuwa mchapishaji. Atakuwa mwenye duka. Kama hatujui kutunga hadithi ya nusu dakika, tutamlia mshiko wake bure.

Tangazo ni la fundi cherehani mmoja wa huku kwetu Ngamiani. Jina nalihifadhi. Lilionyeshwa Januari, wakati kila mzazi anahaha kutafuta sare za shule. Linaanza na bahari ya Raskazone. Bahari ya nini? Fundi hashoni matanga ya majahazi. Anapita binti mrembo kwa madaha, sauti nzito ya kiume inatamka ule msemo wa waja leo waondoka leo (hivi Tanga hatuna neno jingine la kujitambulisha?), halafu inashuka orodha: sare, suti, mapazia, majoho, magauni ya harusi. Namba ya simu inapita mara tatu. Muziki umepanda juu ya maneno, nusu ya orodha husikii. Kwisha.

Ila katikati hapo, kwa sekunde mbili hivi, kamera imemnasa fundi mwenyewe akikunja pindo la sketi ya mtoto. Anakunja pana, kama vidole vinne. Mama yeyote aliyewahi kusomesha anajua maana ya pindo lile: mwakani mtoto akirefuka linafumuliwa, sketi inavaliwa tena. Jamani, hadithi si hiyo! Kuna mtu mwenye haja, kuna kikwazo, maana hela ni ya sare moja tu, na kuna muda unaopita. Waliopiga picha wameipita kama basi lililojaa linavyopita kituo.

Ningepewa mimi, bahari ningeiacha na samaki wake. Kwanza mama anahesabu noti juu ya meza ya cherehani, moja anairudisha mkobani. Fundi hasemi kitu, anakunja pindo. Kisha mtoto yuleyule, karefuka, sketi ileile. Juu kitambaa kimepauka, chini ya mstari wa pindo la zamani bado kimekoza. Neno "ubora" lisitamkwe kabisa. Mtazamaji ameshauona. Mwisho jina la duka, barabara ilipo, na namba ya simu mara moja.

Mshikaji wangu mmoja anayepiga video za harusi alinibishia vikali. Mwenye duka, alisema, analipia muda kwa sekunde, sasa wewe unataka anunue mstari wa pindo? Anataka watu wajue anashona na suti! Hoja hiyo siidharau, mtu katoa mtaji wake. Lakini orodha ile kila fundi anayo. Ukimtajia mtu vitu sita kwa mkupuo, haondoki na hata kimoja. Na fundi aliyeaminiwa kwa sketi ya mtoto, suti ya baba itamfuata.

Wala jambo hili si geni pwani. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule ambaye kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa sana kuwa alianzisha kuandika misemo kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Tazama misemo yenyewe: haisemi kanga haichuji. Inampa mwanamke neno la kumpelekea jirani au mume, na kwa ajili ya neno hilo kanga inanunuliwa. Redio nayo ilijua. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, nia yake watu wapange uzazi na wajikinge na UKIMWI. Badala ya daktari wa kuhubiri wakatuletea Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani. Ni kweli Mkwaju alipewa vipindi na vipindi, fundi wetu ana nusu dakika tu. Kwa hiyo somo lake liko zaidi kwenye kanga: neno moja, lakini liwe la mtu.

Hapo ndipo ile sauti nzito inaponiudhi kuliko hata bahari. Imekodiwa, haina kwao. Fundi anaongea Kiswahili cha Tanga kitamu, cha taratibu, na katika tangazo lake mwenyewe hakupewa hata neno. Nilimuuliza kama siku ile ya kupiga picha alisema chochote. Akaniambia alisema mara moja tu, alipokuwa anakunja lile pindo: "Sogea kidogo mwanangu, waniziba mwanga." Wakaikata.