Vitenzi "Vikaidi" vya Kiayalandi: Uhakiki wa Orodha ya Vitenzi 11

Yeyote aliyepata kufungua kitabu cha sarufi ya Kiayalandi kilichotungwa kwa ajili ya shule atakuwa amekutana na orodha ya vitenzi 11, ambayo kwa desturi huwekwa baada ya minyambuliko ya kawaida. Vitenzi hivyo, vikitajwa kwa umbo la kuamrisha kama ilivyo ada ya sarufi hiyo, ni abair (sema), beir (zaa, na kikifuatwa na kihusishi ar, kamata), bí (uwe), clois (sikia, kaskazini husemwa cluin), déan (fanya), faigh (pata), feic (ona), ith (kula), tabhair (toa), tar (njoo) na téigh (nenda). Wenyewe huviita briathra neamhrialta, yaani vitenzi visivyo na kanuni. Sisi katika makala haya tutaviita vitenzi vikaidi, kwa kuwa ndivyo mwanafunzi anavyovihisi. Msomaji atakuwa ameng'amua kwamba fasiri zetu za vitatu miongoni mwake, yaani kula, njoo na nenda, ni kaidi katika Kiswahili pia. Jambo hilo tutalirudia.

Tunanuia kuonyesha kwamba orodha hii inakusanya chini ya jina moja mambo yasiyokuwa na asili moja, na kwamba kwa kufanya hivyo inauficha utaratibu ambao mwanafunzi anauhitaji kuliko mwingine wowote. Wala si suala la istilahi tu. Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937 inaitambua lugha hii kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Lakini wengi wa wanaoijua leo hawakuinyonya kwa mama zao, bali waliipata darasani, nje ya yale maeneo machache yanayoitwa Gaeltacht. Pale ambapo lugha hurithishwa na kitabu, kosa la kitabu huwa kosa la kizazi kizima.

Tuanze na jambo ambalo mgeni hulistaajabia. Kiayalandi hakina neno la "ndiyo" wala la "la". Anayeulizwa hujibu kwa kukirudia kitenzi cha swali. Ukiulizwa Ar dhún tú an doras? (Je, uliufunga mlango?), utajibu Dhún au Níor dhún, kwa maana ya "nilifunga" au "sikufunga". Hapo hapana taabu. Lakini ukiulizwa An bhfaca tú é? (Je, ulimwona?), jibu la kukubali ni Chonaic, na la kukataa ni Ní fhaca. Vivyo hivyo, An ndearna sé é? (Je, alilifanya?) hujibiwa Rinne; An ndeachaigh sí? (Je, alikwenda?) hujibiwa Chuaigh, An raibh sé ann? (Je, alikuwapo?) hujibiwa Bhí, na kwa wakati ujao, An bhfaighidh tú é? (Je, utalipata?) hujibiwa Gheobhaidh. Mabadiliko ya konsonanti ya mwanzo, kama vile f ya faca kufunikwa na bh au kulainishwa hadi kutosikika, ni ya vitenzi vyote na yana kanuni zake. Mswahili anayetoka kwenye -refu hadi ndefu hatayaogopa. Kinachobabaisha ni kwamba swali na jibu havifanani hata kidogo.

Wanasarufi huliita umbo la kwanza umbo tegemezi, kwa kuwa hutegemea chembe iliyotangulia, iwe ya kukanusha, ya kuuliza au ya kuunganisha kishazi. Na la pili huliita umbo huru. Katika Kiayalandi sanifu, vitenzi vyenye jozi hii ni vitano tu kati ya vile 11: bí, déan, feic, téigh na faigh. Hivi vitano ndivyo vinavyoamua kama mtu ataweza kukubali au kukataa kwamba alikuwapo, alifanya, aliona, alikwenda au atapata. Orodha ya shule haivitengi. Humpa mwanafunzi chonaic katika safu ya wakati uliopita, na faca humpa kama nyongeza, mara nyingi chini ya mstari, ilhali katika mazungumzo maumbo hayo mawili huenda pamoja kama swali na jibu.

Je, jozi hizi ni ukaidi? Kwa jibu hatuna budi kurudi kwenye Kiayalandi cha kale, kinachojulikana hasa kutokana na maelezo ya pambizoni ya karne ya 8 na ya 9 katika miswada iliyohifadhiwa Würzburg, Milan na St. Gallen, na ambacho Rudolf Thurneysen alikieleza katika sarufi yake ya mwaka 1909, iliyofasiriwa kwa Kiingereza na D. A. Binchy na Osborn Bergin mwaka 1946. Katika lugha hiyo kila kitenzi changamani, yaani mzizi uliotanguliwa na kiambishi kimoja au zaidi, kilikuwa na maumbo mawili. Kikianza sentensi bila chembe, mkazo uliangukia sehemu ya pili. Kikitanguliwa na chembe kama ní ya kukanusha, mkazo ulirudi kwenye kiambishi cha kwanza, na silabi zilizofuata zikasinyaa. Hivyo as·beir ilikuwa "husema", na ní·epir "hasemi". Do·beir ilikuwa "hutoa", na ní·tabair "hatoi". Kwa kuwa umbo la kuamrisha nalo lilikuwa na mkazo mwanzoni, mtu anaona mara moja kwa nini abair na deir (husema), ambazo leo hazifanani, ni za kitenzi kimoja.

Mfano wa rinne na dearna unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Yote mawili yametokana na viungo vile vile vitatu: kiambishi cha kwanza, chembe ro ya jambo lililokamilika, na mzizi gní, "fanya". Mkazo ulipoangukia ro, tulipata do·rigni, ambayo imekuwa rinne. Ulipoangukia kiambishi cha kwanza, tulipata ní·derna, ambayo imekuwa dearna. Hapa hakuna kitenzi kilichovunja kanuni. Kuna kanuni moja iliyofanya kazi yake kwa ukamilifu, kisha ikafa, ikaacha watoto wawili wasiojuana. Tena níor ya vitenzi vya kawaida ni ní iliyoungana na ro hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika níor rinne, kosa ambalo walimu wamelizoea mno, anaitumia ro mara mbili. Anasahihishwa kwa kuambiwa "hiki ni kaidi, kariri", na sababu iko mlangoni.

Sisi tunaofundisha Kiswahili tusiwacheke wenzetu. Vitabu vyetu navyo vina sehemu ya "vitenzi vya silabi moja", ambamo mwanafunzi huambiwa kwamba ku- hubaki katika anakula, alikula, atakula na amekula, lakini haibaki katika akila, asile, hula na hali. Mara nyingi huambiwa hivyo bila sababu. Sababu ni mkazo: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na -na-, -li-, -ta- na -me- haziwezi kuubeba mkazo huo, ilhali -ki-, -si-, hu- na ha- zaweza. Ndiyo maana tunasema anayekula, kwa kuwa -ye- nayo hukataa mzigo. Lugha hizi mbili hazina nasaba yoyote, lakini katika zote mbili mkazo umeacha mabaki ambayo mwalimu ameyageuza kuwa mzigo wa kukariri. (Vitenzi kwenda na kwisha vina silabi mbili na bado vinafuata mkondo huo, hata hivyo wengi wetu husema anaenda, na anga haijaanguka.)

Turudi Ayalandi. Ukiondoa jozi za mkazo, orodha inabaki na vitu vya namna nyingine kabisa. Téigh ni mizizi mbalimbali iliyoshonwa pamoja: téann kwa sasa, chuaigh kwa wakati uliopita, rachaidh kwa ujao, na dul kwa kitenzijina. Ith, kwa upande wake, kimewekwa humo kwa sababu ya íosfaidh, umbo lenye masalia ya wakati ujao wa kale; kwingineko ni kitenzi mtulivu. Kukiweka ith sawa na bí ni kumwadhibu mwizi wa yai kama mwizi wa ng'ombe. Na wako wahalifu walioachwa huru: kutokana na tit (anguka) kitenzijina ni titim, kutokana na fan (ngoja) ni fanacht, iarr (omba) hutoa iarraidh, na rith (kimbia) haibadiliki. Maumbo haya hayatabiriki kwa urahisi, na bila hayo huwezi kusema mtu "anaanguka" sasa hivi (tá sé ag titim). Vitenzi hivyo vyote huitwa vya kawaida.

Usanifishaji nao umeongeza utata. Kijitabu cha serikali cha mwaka 1958, An Caighdeán Oifigiúil, kilihitaji kuchagua, na hatulaumu kuchagua kwenyewe. Lakini huko Donegal husemwa tchí (huona) na ní fheiceann (haoni), gheibh (hupata) na ní fhaigheann (hapati), bheir (hutoa) na ní thabhrann (hatoi): jozi ya mkazo ingali hai hata katika wakati uliopo. Kiayalandi sanifu hutanguliza feiceann pande zote mbili. Munster wamekwenda njia nyingine. Husema dhein na níor dhein, na kwao "fanya" ya wakati uliopita imekwisha kuwa kitenzi cha kawaida. Kwa hiyo mtoto wa Munster hufundishwa shuleni ukaidi ambao nyumbani kwao umekwisha kutubu, na mtoto wa Donegal hupokonywa utaratibu alioletewa na bibi yake.

Watetezi wa orodha watasema kwamba ni fupi na hukaririka. Ni kweli, na vitenzi hivi hutumika mno hata asiyevijua hawezi kumaliza sentensi kumi. Matumizi hayo ndiyo yaliyovihifadhi, kwani umbo la ajabu lisilosikika kila siku halidumu kwa watoto. Hatupendekezi orodha ichanwe. Tunapendekeza ipangwe upya: vile vitano vyenye jozi vifundishwe kwanza, kwa swali na jibu, pamoja na maelezo mafupi ya mkazo, vyenye mizizi mbalimbali vifuate, ith ipewe mstari mmoja, na vitenzijina vigumu viingizwe mahali palipobaki.

Hata hivyo mkazo hautafuta ukaidi wote. Baada ya ní, konsonanti hulainishwa: ní fhaca, ní dhearna, ní dheachaigh. Lakini "hakupata" ni ní bhfuair, kwa kufunika na si kwa kulainisha, na ní bhfaighidh hufuata nyayo hizo. Hilo haliingii katika hesabu yetu ya mkazo, na mwalimu atakayepanga orodha upya itambidi bado aliambie darasa: hiki, kariri.