Jicho la Mtazamaji: Sura na Nasaba katika Riwaya ya Passing

Katika Passing, riwaya ya pili ya Nella Larsen iliyochapishwa Marekani mwaka 1929, umo mzaha ambao wahakiki wengi huutaja na kuupita. John Bellew, Mzungu anayewachukia Weusi waziwazi, humwita mkewe Clare kwa jina la utani linalotokana na tusi wanalotukanwa Weusi. Anaeleza sababu mbele ya wageni: walipooana mkewe alikuwa mweupe mno, lakini kila uchao anazidi kuwa mweusi. Wageni hao, Irene na Gertrude, wanacheka. Wanawake wote watatu wana asili ya Kiafrika; asiyejua ni yule anayesema. Makala haya yanadai kuwa mzaha huo ndio ufunguo wa riwaya nzima. Sura ya mtu wa damu mchanganyiko hubadilika kweli, ila kinachobadilika si ngozi yake bali jicho linalomtazama.

Mjadala wa riwaya hii katika semina zetu huanza, takriban kila mwaka, kwa hukumu. Clare, aliyejinasibisha na Wazungu na kumficha mumewe asili yake, huitwa msaliti. Irene, aliyeolewa na daktari Mweusi na kuishi Harlem, husifiwa kuwa mwaminifu kwa watu wake. Usomaji huo una mashiko yake, hasa kwa kuwa Irene mwenyewe ndiye anayeupendelea, nasi twayaona matukio yote kupitia macho yake. Lakini tunakutana naye wapi kwa mara ya kwanza akiwa na Clare? Juu ya paa la hoteli ya Drayton, Chicago, ambako amekimbilia joto na kuagiza chai, mahali ambapo Mweusi anayejulikana kuwa Mweusi asingehudumiwa. Mwanamke wa meza ya jirani anapomkazia macho, Irene anaingiwa na hofu, kisha anajituliza. Wazungu hudai kuwa humtambua Mweusi kwa kucha, viganja, umbo la masikio au meno. Na hata hivyo yeye kila mara hudhaniwa kuwa Mwitaliano, Mhispania, Mmeksiko au Mjipsi. Hajasema uongo wowote, kwani hakuna aliyemwuliza. Alichokifanya Clare kwa maisha yake yote, Irene anakifanya kwa alasiri moja, na sioni kuwa urefu wa muda watosha kumtenga msaliti na mwaminifu.

Tukio lenye uzito zaidi kwa hoja yetu linakuja baadaye, mjini New York. Irene anatembea barabarani akiwa ameshikana mkono na rafiki yake Felise Freeland, ambaye nywele na rangi yake hazimwachii mtazamaji shaka. Mara wanakutana na Bellew. Anamtambua Irene, anatabasamu, ananyoosha mkono. Kisha macho yake yanahamia kwa Felise na kurudi kwa Irene, na hapo anaelewa. Tuzingatie kwamba uso wa Irene ni uleule uliopokewa kwa heshima na Bellew miaka miwili kabla. Hakuna unywele uliogeuka. Kilichoongezeka ni mwenzi aliye ubavuni, naye ndiye aliyemgeuza Irene kuwa Mweusi.

Mahakama za wakati huo hazikuwa na jicho bora kuliko la Bellew. Irene anaikumbuka kesi ya Rhinelander, iliyosikilizwa katika jimbo la New York mwaka 1925, ambapo mume tajiri alitaka ndoa yake ibatilishwe kwa madai kuwa mkewe, Alice Jones, alimficha asili yake. Mwanamke huyo alilazimishwa kufunua sehemu ya mwili wake ili wazee wa baraza waikague ngozi. Alishinda kesi, kwa sababu waliona kuwa mume hakuweza kutojua. Lakini ushindi wenyewe ulipatikana kwa kukiri kwamba ngozi husema.

Msomaji wa Kiswahili huileta riwaya hii kwenye kipimo kingine. Neno letu suriama latokana na suria, na katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mwana wa suria aliyekiriwa na baba alikuwa huru na alifuata nasaba ya babaye. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Virginia, kinyume chake, iliamua tangu 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mamaye. Babu yake Clare kwa upande wa baba alikuwa Mzungu. Lau angezaliwa katika jamii inayohesabu kwa upande wa kuumeni, na babu huyo angekiri mwanawe, jina la Kendry lingemtosha bila siri yoyote. Hii haina maana kwamba pwani ilikuwa na huruma zaidi. Wakati wa ukoloni Waswahili wa Mombasa walipigania kuandikwa kuwa Waarabu, kwa kuwa aliyeandikwa mwenyeji alitozwa kodi nyingine na kupewa haki pungufu. Na chotara, kwa vinywa vingi, lingali tusi.

Udhaifu wa riwaya u mahali pengine. Kujichagulia jina la asili kunawezekana tu kwa yule ambaye jicho la mtazamaji linamwachia nafasi. Brian, mumewe Irene, ni wa rangi ya shaba. Ndoto yake ya kuhamia Brazil ndiyo njia pekee aliyonayo ya kuikwepa hukumu ya Marekani, na mkewe anaiziba. Zulena, mtumishi wao wa rangi ya mvule, hata ndoto hakupewa. Huandaa meza na kuondoka, wala Larsen hatuambii anaona nini anapowatazama wanawake hao wawili.