Kinaya cha Uzee na Hekima: Usawiri wa Barzilai katika Kitabu cha Pili cha Samweli

Methali isemayo kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi imewazoeza wasomaji wengi kuichukulia mvi kuwa ithibati ya hekima, na mtazamo huo hubebeshwa Biblia pia. Hata hivyo, Mithali 16:31, inayoisifu mvi kuwa taji, huifungamanisha na njia ya haki. Naye Elihu katika Ayubu 32 anakana kwamba umri peke yake humpa mtu busara. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa suala hili linachunguzwa kwa kina zaidi katika masimulizi, hasa katika usawiri wa Barzilai Mgileadi (2 Samweli 19:31-39).

Barzilai, tajiri wa umri wa miaka 80, alimkimu Daudi huko Mahanaimu mfalme huyo alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu. Baada ya Absalomu kuuawa, Daudi anamwalika mzee huyu akatunzwe Yerusalemu. Barzilai anakataa. Jibu lake limejengwa kwa mfululizo wa maswali ya balagha: kuhusu miaka aliyobakiza, ladha ya chakula, sauti za waimbaji, na mzigo atakaokuwa kwa mfalme. Swali lenye uzito zaidi ni lile la iwapo angali anaweza kupambanua mema na mabaya. Kijuujuu, swali hilo linahusu hisi zilizofifia. Lakini usemi unaokaribiana sana na huo ndio autumiao Sulemani katika 1 Wafalme 3:9 anapoomba hekima ya kutawala. Hapa ndipo kilipo kinaya: Barzilai anajivua uwezo ule ule anaoudhihirisha kwa kukataa kwake. Anaomba arudi akafie karibu na kaburi la wazazi wake, na heshima aliyoandaliwa anamwachia Kimhamu.

Usawiri huu unakolea ukilinganishwa na ule wa wafalme wawili. Sulemani, aliyepewa karama ya kupambanua, anasimuliwa katika 1 Wafalme 11:4 kuwa moyo wake uligeuzwa uzeeni. Daudi naye, katika usia wake (1 Wafalme 2:5-9), anaagiza wana wa Barzilai wale mezani pa mfalme. Papo hapo anaagiza kifo cha Shimei, ambaye alimwapia usalama katika kivuko hicho hicho cha Yordani. Kumbukumbu moja ya uzeeni inahifadhi fadhila na kisasi bega kwa bega.

Yawezekana kudaiwa kwamba Barzilai anaikwepa tu siasa ya ikulu. Hoja hiyo ina mashiko, kwani uasi wa Sheba unafuata mara moja katika sura ya 20. Hata hivyo, mtu aliyethubutu kumlisha mfalme aliyefurushwa hawezi kuhesabiwa kuwa mwoga. Inabainika, basi, kwamba hekima ya uzee katika masimulizi haya haipimwi kwa wingi wa miaka. Hupimwa kwa mtu kuijua mipaka yake, na kumpisha mwingine bila kinyongo.