Maegesho ya barabarani: siri iko kwenye robo saa

Januari 2012, serikali ya Jiji la Mexico ilisimika mashine za kulipia maegesho katika mitaa ya Polanco, eneo la ofisi, maduka na migahawa ya wenye nazo. Mpango ukaitwa ecoParq. Kabla ya hapo kuegesha kando ya barabara zile kulikuwa bure kwa jina tu. Nafasi zilishikwa na watu waitwao franeleros: wanapunga kitambaa kumwelekeza dereva, wanaweka ndoo au kreti ili mwingine asiingie, kisha wanadai chao. Anayeendesha gari katikati ya jiji lolote kubwa la kwetu ataitambua hali hiyo mara moja.

Mashine zenyewe hazikuwa na maajabu. Kazi kubwa ilifanywa na kipimo cha kuuzia muda, robo saa. Dakika 15 zililipiwa peso 2, yaani saa moja peso 8. Dereva aliegesha, akatembea hadi kwenye mashine ya mtaa, akanunua muda aliouhitaji na kuiweka tiketi kwenye dashibodi mahali inapoonekana kwa nje. Muda ukiisha na gari bado lipo, gurudumu lilifungwa chuma mpaka faini ilipwe.

Peso 8 zinaonekana kidogo, lakini hebu tupige hesabu. Mfanyakazi wa ofisini anayeegesha saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni amekaa saa 10, kwa hiyo anadaiwa peso 80. Mwaka ule kima cha chini cha mshahara katika jiji hilo kilikuwa takribani peso 62 kwa siku. Mteja aliyeingia dukani kwa nusu saa alilipa peso 4. Bei ni ile ile, lakini mmoja anaona heri aache gari nyumbani au atafute jengo la maegesho ya kulipia, na mwingine anapata nafasi mbele ya duka. Hakuna kibao kilichomkataza yeyote.

Shida ya barabara za katikati ya mji iko hapo, kwenye muda ambao gari linakaa. Nafasi iliyoshikwa na gari moja kutwa imemfaa mtu mmoja. Ikibadilisha magari kila saa, kwa saa 10 zile zile inawafaa watu 10, na jiji halijamwaga hata ndoo moja ya zege. Tathmini ya taasisi ya usafiri ya ITDP ilionyesha kuwa muda wa kuzungukazunguka kutafuta nafasi Polanco ulishuka kutoka takribani dakika 13 hadi 3. Kila gari linalozunguka hivyo ni sehemu ya foleni, na mabasi yanakwama nyuma yake.

Nairobi iliingia njia nyingine. Mwaka 2013 ada ya kuegesha katikati ya jiji ilipandishwa kutoka shilingi 140 hadi 300, na mwaka uliofuata malipo yakahamia kwenye simu. Kwa upande wa ukusanyaji hiyo ilikuwa hatua njema, maana fedha taslimu ziliacha kupita mikononi mwa watu wengi. Lakini ada ilibaki ya kutwa. Ukishalipa ya siku nzima, kuondoka mapema ni hasara, na aliyewahi asubuhi hana sababu ya kumpisha mtu. Teknolojia ilibadilika, kipimo kikabaki kile kile, na mteja wa dakika 20 akaendelea kulipia siku ambayo hakuitumia.

Polanco ilifanya jambo la pili ambalo naliona lina uzito sawa na hilo la kwanza. Asilimia 30 ya makusanyo ilitengwa kwa ajili ya kuboresha maeneo ya umma ya eneo lile lile. Mwenye duka anayeona njia ya waenda kwa miguu mbele ya mlango wake ikitengenezwa kwa fedha za maegesho hana haja ya kuhubiriwa. Sehemu kubwa ya makusanyo, hata hivyo, ilikwenda kwa kampuni zilizopewa mkataba wa kuendesha mashine, na wakosoaji walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mgawanyo uwe hivyo. Mpango ulipoelekea Roma na Condesa, maeneo mengine ya jiji hilo, ambako majengo mengi ya zamani hayana gereji, wakazi walipinga kwa nguvu hadi ikaitishwa kura ya maoni. Franeleros nao walipoteza riziki, na wengine wakahamia mitaa isiyo na mashine. Mpango wa maegesho usiowafikiria watu hawa tangu siku ya kwanza haujakamilika.

Kasoro ya kitaalamu ilikuwa bei moja kwa mitaa yote. Donald Shoup, profesa wa Los Angeles aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu gharama ya maegesho ya bure mwaka 2005, alipendekeza bei ipangwe ili takribani asilimia 85 ya nafasi zijae, kwa hiyo kila kipande cha mtaa kibaki na nafasi moja au mbili wazi. San Francisco ilijaribu wazo hilo kuanzia 2011. Ilitega vihisi barabarani, ikapandisha bei palipojaa na kuishusha palipokuwa patupu, mtaa kwa mtaa.

Miji yetu haihitaji vihisi hivyo ili kuanza. Mtu mmoja mwenye kalamu na karatasi yenye mistari anaweza kupita mtaa mmoja kila nusu saa na kuandika namba za magari, nafasi kwa nafasi. Namba ikijirudia kwenye mistari 18, gari hilo limekaa takribani saa 9. Jioni karatasi hiyo inaonyesha nani ameshika mtaa, na kwa muda gani.

Dar es Salaam kazi hii tayari inafanyika kwa sababu nyingine. Wahudumu wa maegesho wa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, hurekodi namba ya gari kwenye mashine ya mkononi, na dereva hulipa baadaye kwa namba ya kumbukumbu. Huko kulipa baadaye kunanitia wasiwasi, kwa sababu dereva anayekuja kugundua deni siku kadhaa baadaye hakupata nafasi ya kuamua aondoke saa ngapi. Bei inapaswa kuandikwa kwenye kibao mtaani, kwa robo saa, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye usukani. Lakini rekodi zenyewe ni hazina. Namba ya gari, mahali na saa, zikikusanywa vizuri kwa mwezi mmoja, zinatosha kuonyesha ni mtaa gani umejaa tangu asubuhi na ni upi una nafasi hadi jioni. Kazi iliyobaki ni kumpa mchambuzi takwimu hizo kabla ya bei nyingine kupangwa.