Marehemu Yuko Wapi? Nkoma, Ahera na Lugha ya Mazishi Mitunguu

Wasomaji wa fasihi ya Kiafrika wamezoea sentensi moja inayorudiwa katika tasnifu nyingi zinazogusa dini: kwamba Mwafrika anaamini maisha baada ya kifo. Husemwa kana kwamba haina mwandishi, haina tarehe na haina mpinzani. Makala haya yanadai kwamba inavyo vyote vitatu, na kwamba mhakiki anayetaka kuipima anaweza kuanza na matini ambazo wenzake hawajazithamini, yaani hotuba za mazishi za Mitunguu, Imenti Kusini.

Mitunguu ni soko lililo kwenye miteremko ya chini, yenye joto, mashariki ya Mlima Kenya, katika njia itokayo Nkubu kuelekea Tharaka. Wakulima wake hupanda ndizi kwa kilimo cha umwagiliaji. Hapo, kama kwingineko Meru, mazishi ni tukio la maneno: wasifu wa marehemu husomwa, jamaa husema, mhubiri hufunga. Lau utanzu huu ungesomwa kwa makini yale yale yanayotumiwa kusoma tenzi, mgongano mmoja ungejitokeza mara moja. Marehemu amelala, anangoja parapanda. Marehemu huyo huyo amekwisha kufika mbinguni na anawatazama wafiwa. Tena, kabla msemaji hajaketi, marehemu yu karibu kiasi cha kuweza kuudhika wanawe wakigombania shamba. Haiwezekani mtu mmoja awe pote hapo kwa wakati mmoja.

Mwanateolojia atajibu kwamba mwili hulala na roho ikaenda zake. Jibu hilo limo vitabuni. Katika hotuba halimo, wala hakuna msikilizaji anayelidai. Msemaji hutaja mahali kulingana na haja: usingizi humtuliza mjane, mbingu humpandisha marehemu cheo, ukaribu wake huwaonya warithi. Hizi ni kauli zinazofanya kazi, si kauli zinazotoa habari. Na kazi hiyo si ndogo. Shamba lenye maji lina thamani, na kaburi lililo kati ya migomba huweza kutajwa kesho kuwa ushahidi wa nani mwenye ardhi. Anayezichukua kauli hizo kuwa taarifa juu ya ahera anawasingizia wasemaji imani ambayo huenda hawajaitamka.

Mgongano huu una historia. Kimeru kilikuwa na nkoma, neno lenye ndugu yake, koma, katika lugha za Wamijikenda. Nkoma hawakuwa na mji wa dhahabu wala tanuri la moto. Walikuwa jamaa waliokufa, wenye hasira na haja zao. Wamisionari wa Consolata walifika Meru mwaka 1911, Wamethodisti mwaka 1912. Ahera ya thawabu na adhabu ikaingia, na nkoma wakashushwa hadi kuwa pepo wabaya katika lugha ya kanisani. Hata desturi ya kumzika kila mtu si ya kale sana. Zamani, kama ilivyokuwa kwa Wakikuyu, maiti ya mtu wa kawaida ilipelekwa kichakani ikaachiwa fisi, na kaburi likawa la wachache. Ni vigumu kuamini kwamba watu hao walikuwa wakiuhifadhi mwili kwa ajili ya siku ya kufufuliwa.

John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliliona jambo hili kuliko wengi wanaomnukuu. Alieleza kwamba mfu hubaki nafsi yenye jina maadamu wapo hai waliomjua. Akifa wa mwisho wao, mfu hupoteza jina na kuingia katika umati wa mizimu. Aliongeza kwamba kwa wengi hapakuwa na mbingu ya kutumainiwa wala jehanamu ya kuogopwa. Akisomwa bila haraka, Mbiti anaeleza kumbukumbu ya walio hai: muda wake wa kudumu ni muda wa kumbukumbu yenyewe, vizazi vinne au vitano. Kilichobaki ni kuuliza kama kuna kitu kingine zaidi ya kumbukumbu hiyo. Hapo Mbiti, aliyekuwa kasisi, hakutaka kwenda.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba nkoma wana ushahidi bora kuliko mbingu. Nkoma hutambulika baada ya msiba. Mtoto akiugua hutafutwa aliyekasirika, mbuzi huchinjwa, mtoto akipona nkoma karidhika, asipopona alikuwa nkoma mwingine. Imani isiyoweza kushindwa na tukio lolote haiwezi pia kuthibitishwa na tukio lolote, na sala ya mhubiri ina umbo hilo hilo. Wapo wahakiki wanaoitupa ahera ya mmisionari na kuikumbatia ya mababu bila kuidai chochote. Huo ni uzalendo, na kama hoja ni dhaifu.

Ulinganisho na pwani si wa kulazimishwa, kwani mapokeo ya Wameru wenyewe yanataja Mbwaa, mahali ambapo Jeffrey Fadiman alipahusisha na Kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu na Pate. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inajulikana kwa kuonya juu ya jehanamu. Lakini sehemu yake yenye nguvu ni ile ya majumba ya Pate yaliyobomoka, ambamo wanyama wamechukua nafasi ya wenyeji. Humo mshairi anasema alichokiona. Anapofika kwenye matabaka ya moto anaorodhesha majina aliyoyapokea, na kasi ya shairi hupungua. Mtu asiyeamini moto wowote huondoka na Pate moyoni.

Je, mwenye shaka ni lazima awe mgeni? Okot p'Bitek, mwaka 1970, aliwashutumu wataalamu wa dini kwa kuwavika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani, na kwa hilo aliitwa mkaidi. Odera Oruka alikwenda vijijini kuwauliza wazee wenyewe, na mazungumzo yake juu ya falsafa ya wahenga yakatoka mwaka 1990. Mmoja wao ni Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru, aliyemfikiria Mungu kama mchanganyiko wa joto na baridi, ambavyo vikikutana huleta uhai. Mungu wa namna hiyo hana kiti cha enzi wala daftari la dhambi, na ni vigumu kuona angewaweka wafu wapi. Lakini maneno ya mzee yamechapishwa kwa Kiingereza. Mtafiti wa leo hawezi kujua kutoka katika ukurasa huo kama Mmeru anayeulizwa juu ya maisha baada ya kifo anasikia swali la nkoma, swali la mbinguni, au swali la tatu ambalo Kimeru hakijawahi kuuliza. Hotuba za Mitunguu, ambazo bado husemwa kwa Kimeru karibu kila wiki, zingeweza kumsaidia.