Mkono Usiochoka Kupaka

Mwaka 1775, daktari Percivall Pott wa London alieleza saratani ya ngozi ya korodani iliyowapata wasafisha dohani, akayatuhumu masizi. Baada yake walijitokeza watafiti waliotaka kuthibitisha tuhuma hiyo kwa wanyama, wakaambulia patupu. Walikata tamaa mapema.

Katsusaburo Yamagiwa na msaidizi wake Koichi Ichikawa, huko Tokyo, hawakukata tamaa. Walichukua lami ya makaa ya mawe wakawapaka sungura ndani ya masikio, mahali palepale, kila baada ya siku mbili tatu. Miezi ikapita. Ngozi ikawa nene, vinyama mfano wa chunjua vikaota, nao wakaendelea kupaka. Mwaka 1915 wakatangaza walichokiona kwa darubini: saratani kamili, iliyopenya hadi tabaka za chini.

Kupaka lami si kazi ngumu, mtu yeyote anaweza. Ninachokistahi ni kupaka mara ya hamsini kwa uangalifu wa mara ya kwanza, na kuandika kilichoonekana hata kama ni kilekile cha juzi.

Ngozi angalau hujionyesha; ini limejificha. Katika miaka ya 1930, Takaoki Sasaki na Tomizo Yoshida, hukohuko Tokyo, waliwalisha panya rangi ya viwandani wakapata saratani ya ini. Lakini rangi ilifanya nini humo ndani?

Mwaka 1947, Elizabeth na James Miller wa Wisconsin, Marekani, walitoa sehemu ya jibu. Waliwalisha panya rangi ya manjano iliyowahi kutumika kukolezea siagi. Wakasaga maini, wakatenga protini, wakaziosha tena na tena mpaka rangi yote iliyokuwa huru ikatoka. Walipotia asidi, protini ziligeuka waridi. Za panya wasiolishwa rangi hazikugeuka. Basi rangi ilikuwa imeshikamana na protini zenyewe. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba ini lenyewe, katika kuichakata, ndilo huipa rangi hiyo uwezo wa kushikamana.

Wangepunguza kuosha, waridi lile lisingethibitisha lolote; lingeweza kuwa mabaki tu. Wasingekuwa na panya wasiolishwa, lisingekuwa na cha kulinganishwa nacho. Ufundi wa maabara ndio huo: kuondoa kila kinachoweza kukudanganya kabla ya kuyaamini macho yako.